Jinsi ya Kuomba Muswada Marekani na Kulifuata Faili Mpaka Liwe Sheria

Aliyewahi kufuatilia hati ya kiwanja analijua swali la kuanza nalo asubuhi: faili liko meza ya nani leo? Beba swali hilohilo unapotaka Bunge la Marekani litunge sheria. Wengi wetu tunaoishi huku hukumbuka kupiga simu siku ya kura, kamera zikishajaa, na siku hiyo mambo huwa yameshaamuliwa. Miswada mingi hufia kwenye meza ambayo hakuna aliyeipigia simu.

Mfano nitakaoutumia unajulikana nyumbani: AGOA, sheria iliyofungulia nguo na bidhaa nyingine za Afrika soko la Marekani bila ushuru. Mashati yaliyoshonwa Athi River yalipita mlango huo. Njia iliyopita sheria hiyo ndiyo atakayopita mtu yeyote.

Kabla ya yote, hakikisha ofisi unayoiendea ndiyo yenyewe. Uhamiaji, ushuru wa forodha na misaada ya nje ni mambo ya Washington. Leseni ya udereva, ada za chuo cha umma, hata leseni anayodaiwa dada anayesuka nywele, hayo ni ya bunge la jimbo lako, nalo lina taratibu zake (Nebraska, kwa mfano, ina chumba kimoja tu cha bunge). Nimeona watu wakizungushwa miezi kwa kosa hili.

Kama jambo ni la Washington, una watu watatu wa kuwaomba: mbunge mmoja wa wilaya yako ya uchaguzi na maseneta wawili wa jimbo. Bunge la Wawakilishi lina wabunge 435, Seneti ina maseneta 100, lakini hao wengine hawakuhusu kwa sasa; ukimwandikia mbunge wa mji mwingine, barua itawekwa kando. Ingiza msimbo wako wa posta kwenye tovuti ya house.gov utaliona jina, au piga simu ya jengo la Bunge, 202-224-3121, uombe kuunganishwa. Si lazima uwe raia. Haki ya kupeleka malalamiko serikalini imo katika Rekebisho la Kwanza la Katiba, na haikuandikwa kwa raia peke yao. Mhudumu atakuuliza unaishi wapi. Mipaka ipo, na uishike: asiye raia hapigi kura ya kumchagua mbunge wala seneta, na asiye raia wala mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu hatoi hata dola moja kwa kampeni. Zawadi ya shukrani usiifikirie kabisa.

Andika ukurasa mmoja. Tatizo ni lipi, limempata nani katika wilaya hiyo, ni sheria gani iliyopo inayolisababisha, na unataka maneno gani yabadilike. Salamu zetu ndefu za kuulizana hali ya watoto na kazi hazina nafasi hapa, samahani. Kwenye simu hivyohivyo: “Naitwa fulani, naishi katika wilaya yenu, msimbo wangu wa posta ni huu. Naomba mbunge awasilishe muswada kuhusu jambo hili. Naomba kuzungumza na msaidizi anayeshughulikia biashara.” Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo yenye thamani. Anayepokea simu mara nyingi ni kijana wa mafunzo ambaye kazi yake ni kuhesabu wanaounga mkono na wanaopinga. Msaidizi anayeshughulikia jambo lako ndiye atakayeisoma karatasi, na ndiye atakayemwambia mbunge kama linafaa au halifai. Chukua jina lake, umpigie yeye baadaye.

Akikubali, mbunge ndiye anayewasilisha. Mwananchi hawezi, Rais hawezi. Hata muswada ulioandikwa Ikulu lazima umpate mbunge au seneta wa kuubeba. Lugha ya kisheria huandikwa na mawakili wa Bunge wenyewe, kwa hiyo usihangaike kuajiri mtu. Katika Bunge la Wawakilishi, kuwasilisha ni kitendo kidogo mno: kuna sanduku la mbao pembeni ya meza ya makarani, mbunge anatumbukiza karatasi humo, basi. Muswada unapewa nambari, H.R. ukianzia huko, S. ukianzia Seneti. Shika nambari hiyo, ndiyo utakayoitumia kwenye congress.gov kuona kila siku faili limefika wapi. Ya AGOA ilikuwa H.R. 434, mwaka 1999. Haikuanzia kwa wawakilishi kwa bahati: Katiba inataka miswada ya mapato ya serikali ianzie huko, na ushuru ni mapato.

Sasa faili linakwenda kamati, na hapa ndipo pa kutumia nguvu zako zote. Mwenyekiti wa kamati halazimiki kufanya lolote. Haandiki barua ya kukataa, hatangazi sababu. Anaacha tu karatasi ikae. Katika mabunge ya miaka ya karibuni miswada zaidi ya 10,000 huwasilishwa kila kipindi cha miaka miwili, na inayofika kuwa sheria huhesabiwa kwa mamia. Mingi ya iliyobaki imelala kamati.

Kwa hiyo uliza: kamati gani, na mwenyekiti ni wa wilaya ipi? Kama mbunge wako hayumo katika kamati hiyo, mwombe atafute wenzake wa kutia majina kwenye muswada, na hasa wa chama cha pili, maana muswada wenye majina ya upande mmoja tu huonekana kama bango la kampeni. Kisha tafuta watu wetu wanaoishi katika wilaya ya mwenyekiti. Misikiti, makanisa, vyama vya Wakongo, vikundi vya WhatsApp vya akina mama, popote. Simu kumi za watu wake zitamgusa kuliko mia zako. Kamati ikiitisha kikao cha kusikiliza maoni, unaweza kuomba kupeleka ushahidi wa maandishi uingizwe kwenye kumbukumbu, hata kama hukualikwa kuketi mbele. Baada ya hapo wanakaa kuupitia kifungu kwa kifungu, na maneno uliyoyaombea yanaweza kufutwa kwa mstari mmoja wa marekebisho. Siku hiyo uwe macho. Kuna njia ya kumpita mwenyekiti, kwa wabunge 218 kutia saini kuutoa muswada kamati, lakini ni nadra kufanikiwa.

Ukitoka huko, muswada wenye ubishi hupita kamati nyingine, ya kanuni, yenye watu 13, tisa kati yao wa chama chenye wengi. Hao ndio wanaopanga mjadala uwe wa saa ngapi na marekebisho gani yaruhusiwe. Usiokuwa na ubishi unaweza kupitishwa kwa njia ya mkato inayotaka theluthi mbili. Kura yenyewe haina mbwembwe: mbunge anachomeka kadi kwenye kifaa, kwa kawaida wana dakika 15, majina yanawaka ukutani.

Seneti ni nchi nyingine. Huko seneta mmoja anaweza kuukwamisha muswada kwa mjadala usiokwisha, na kuufunga mjadala huo kunahitaji maseneta 60. Kwa hiyo kura 51 za kupitisha bila hizo 60 za kufunga mjadala mara nyingi hazisaidii. Uulize mapema kama 60 zipo. Kama hazipo, kazi imerudi kwako na kwa maseneta wawili wa jimbo lako.

Vyumba viwili, Bunge la Wawakilishi na Seneti, lazima vipitishe maandishi yaleyale, nukta kwa nukta. Bunge la Wawakilishi lilipitisha AGOA Julai 1999, Seneti ikapitisha yake Novemba, na zilikuwa tofauti. Ikabidi wajumbe wa pande zote wakae kuzioanisha, na toleo moja likapigiwa kura tena Mei 2000.

Mtu aliyeifanya Mahakama ya Juu ya Marekani ilisisitize sharti hili alizaliwa Kenya. Jagdish Rai Chadha alikwenda Marekani kusoma mwaka 1966, akiwa na pasipoti ya Kiingereza. Viza ilipokwisha hakuwa na mahali pa kurudi kwa urahisi. Jaji wa uhamiaji akasitisha kufukuzwa kwake. Mwaka 1975 Bunge la Wawakilishi, peke yake, likapiga kura kuubatilisha uamuzi huo, kwa mujibu wa sheria iliyoruhusu chumba kimoja kufanya hivyo. Mwaka 1983 Mahakama ikasema haiwezekani: kitendo chenye nguvu ya sheria sharti kipite vyumba vyote viwili kisha kifike mezani kwa Rais. Chadha akabaki. Ukiambiwa “Bunge limepitisha”, uliza: chumba kipi?

Meza ya mwisho ni ya Rais, naye ana siku 10, Jumapili hazihesabiwi. Akisaini, ni sheria. Akiurudisha na kura ya turufu, vyumba vyote viwili vinaweza kumshinda kwa theluthi mbili. Akikaa kimya Bunge likiwa linaendelea, unakuwa sheria bila saini yake. Akikaa kimya na Bunge limeshafunga na kuondoka, umekufa. Barua ya wananchi kwa Rais katika siku hizo kumi haina ubaya, lakini usitegemee.

Kuna saa moja ambayo haina huruma. Tarehe 3 Januari ya kila mwaka usiogawanyika kwa mbili, saa sita mchana, Bunge linakwisha na miswada yote isiyokamilika inakufa nalo. AGOA ya kwanza ilipita kwa wawakilishi mwaka 1998, ikafia Seneti, ndipo ikarudi mwaka uliofuata kwa nambari mpya. Hutumi nakala ileile ukasubiri. Unaanza na msaidizi yuleyule, unamwomba mbunge aiwasilishe upya wiki za mwanzo, kabla ratiba za kamati hazijajaa.

Na saini ikipatikana, usilifunge faili. Bill Clinton alisaini AGOA tarehe 18 Mei 2000, ikapewa nambari 106-200, yaani sheria ya 200 ya Bunge la 106. Lakini sheria ilimwachia Rais kutangaza nchi zinazostahili, na Kenya na Tanzania zilitajwa Oktoba. Nguo zikahitaji pia mfumo wa hati za forodha uliokubaliwa na Washington, na Kenya iliruhusiwa Januari 2001. Miezi minane faili lilikuwa bado linatembea, safari hii katika wizara, ambako nambari ya muswada haitumiki tena na unauliza kwa nambari ya sheria.