Namna ya Kupanga Harusi Inayofanana na Nyinyi, Unguja na Pemba

Wachumba wengi wanaotaka harusi isiyo ya kawaida huanza na rangi, ukumbi na picha walizoziona mtandaoni, na hapo ndipo mambo yanapoharibika, kwa sababu wazee husikia kwanza kitakachoondolewa kabla hawajasikia kitakachobaki. Anzeni kwa kutenganisha ndoa na harusi. Ndoa ni akdi: walii, mashahidi wawili, ijabu na kabuli (kuozesha na kukubali), pamoja na mahari ambayo ni haki ya mke peke yake. Hukamilika kwa muda mfupi na haihitaji ukumbi wala keki. Harusi ni yale yote yanayoizunguka, tangu posa, singo (mchanganyiko wa kumsugua bibi harusi mwili) na hina, hadi zafa (msafara wa maharusi), ngoma, karamu na fungate. Katika akdi uhuru wenu ni mdogo, kama vile kuchagua msikiti, nyumba na saa. Katika harusi karibu kila kitu kimewekwa na watu, na watu wameshakibadilisha mara nyingi. Gauni jeupe la mkia mrefu na keki ya ghorofa tatu, ambavyo leo baadhi ya wazazi huvitetea kama mila, bibi zao hawakuolewa navyo.

Baada ya hapo chukueni karatasi, mwandike kila desturi inayotarajiwa na ubavuni mwake mwandike mwenyewe ni nani. Zawadi ya kilemba ni ya baba wa binti, ile ya mkaja ni ya mama yake, singo na mafunzo ya ndani ni ya somo, yaani mwanamke anayemfunda binti, na ngoma ya wanawake ni ya mashangazi na majirani ambao kwa miaka mingi wamekwenda kupika, kuimba na kukesha kwenye harusi za wenzao wakijua kwamba siku moja watarudishiwa. Mkilifuta la mtu bila kumuuliza, hata kama mnalipa nyinyi gharama zote, mtakuwa mmemnyang'anya haki yake. Naliona hili kuwa kubwa kuliko mambo yote ya mapambo, kwani harusi nyingi nilizoziona zikiingia ugomvi hazikugombaniwa kwa sababu ya jambo jipya, bali kwa sababu mtu fulani alilisikia jambo hilo kwa jirani.

Kwa hiyo zungumzeni mapema, kabla tarehe haijatangazwa, na mpite milango inayostahiki. Binti azungumze na somo wake, naye somo alifikishe kwa mama kwa lugha anayoijua yeye. Kijana naye alipitishe kwa ami au mshenga. Maneno yenyewe yachagueni kwa uangalifu. Ukisema, "Mama, sisi hatutaki ukumbi," umemnyima kitu. Ukisema, "Mama, tunaomba harusi ifanyike hapa hapa uani, ulipoolewa wewe," umempa heshima, nayo ni harusi ile ile.

Mahari ni mahali pazuri pa kuonesha tabia zenu, na dini imeacha nafasi pana. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alimwambia mtu atafute japo pete ya chuma, na alipoikosa alimwozesha kwa Kurani aliyokuwa ameihifadhi. Binti mshoni anaweza kutaka cherehani, na mwalimu anaweza kutaka kabati la vitabu, mradi kitu hicho kiwe na thamani, kijulikane wazi, bibi harusi awe amekiridhia kwa hiari yake, na kitajwe na kuandikwa ipasavyo. Kwa Pemba wazo la mikarafuu linapendeza sana, lakini lina mambo mawili ya kuangaliwa. Mche wa mkarafuu huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa, hivyo ni mahari ya wenye subira. Na kwetu visiwani mti huweza kuwa na mwenyewe tofauti na mwenye ardhi, kwa hiyo idadi ya miti, shamba ilipo na haki ya kuchuma viandikwe mbele ya mashahidi.

Katika mavazi, mzigo mkubwa ni sare. Kila harusi ina kitambaa chake, na mgeni mwenye mialiko mitatu kwa mwezi hukopa ili asionekane mpweke. Badala yake, waombeni wanawake waje na kanga waliyonayo tayari sandukuni, yenye jina linalosema kile wanachotaka kumwambia bibi harusi. Mwanamke wa makamo atafungua sanduku lake, atasoma majina ya doti zake moja baada ya nyingine, na atakuja na neno alilolichagua mwenyewe. Wekeni mtu wa kuyaandika majina hayo kwenye daftari, na mtakuwa na zawadi ambayo fundi wa video hawezi kuwapa. Tahadhari ni moja: kanga ni lugha ya mafumbo pia, na wako wanaoivaa kumpiga mtu kijembe. Somo au shangazi mwenye sauti atangaze mapema kwamba siku hiyo ni ya dua na nasaha. Bibi harusi mwenyewe anaweza kuvaa kisutu, ile kanga ya nyekundu, nyeusi na nyeupe ya harusi za zamani, na kikuba, yaani kishada cha maua ya asumini na mlangilangi. Atakuwa tofauti na maharusi wote wa mwaka huo bila kwenda mbali na kwao.

Kwenye muziki, jiulizeni kwanza ni watu gani mnaotaka wacheze. Spika kubwa huwafanya vijana wacheze na wazee waondoke. Kidumbak, chenye fidla, sanduku (besi ya boksi na kamba), ngoma mbili ndogo, mkwasa (vijiti vya kugonga) na cherewa (manyanga), hutosha katika uwanja wa nyumba, na mwimbaji wake huweza kupachika majina na visa vya wenye harusi ndani ya wimbo. Mpeni habari zenu wiki mbili kabla: mlikutana wapi, nani alikataa mwanzoni, nani alisuluhisha. Wanaopenda ushairi wanaweza kuomba utenzi mfupi wa beti kumi usomwe na babu au nyanya, na mara nyingi wazee walioogopewa kuwa watapinga ndio watakaoutunga.

Wanaotaka ufukwe wasichague tarehe kwa kalenda ya ukutani peke yake. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na upande wa mashariki wa Unguja, kama Paje na Jambiani, yakipwa hukimbia mbali sana hadi bahari mliyoitaka kwenye picha inabaki mstari. Siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa kiasi cha saa kumi alasiri, wakati unaofaa kabisa kwa sherehe, ila ndiyo siku ambazo bahari hupanda juu zaidi na kumeza mchanga wa kuwekea viti. Siku za maji mafu, yaani yasiyopanda sana, mchanga hubaki mpana zaidi. Muulizeni mvuvi wa mahali hapo, si mpambaji. Epukeni masika, kuanzia Machi hadi Mei, na kumbukeni upepo wa kusi kwa upande huo. Mwarifuni sheha, kiongozi wa serikali wa mahali hapo, mapema, na wekeni wigo wa makuti, kwa sababu ufukwe una wapita njia na watalii, na wanawake watakaovua mabuibui yao wanahitaji stara.

Chakula ni rahisi. Pikeni mlichokipenda wakati wa uchumba, hata kama ni urojo na bajia, lakini wekeni pilau kwa wazee na kwa waliotoka mbali, na pakueni katika sinia ili watu wale pamoja.

Kuhusu picha, amueni kabla ya kadi kwenda. Katika sherehe ya wanawake simu moja inaweza kumvunjia heshima mtu aliyekuja akiamini kwamba yuko nyumbani, na picha ikishatoka hairudi. Andikeni kwenye mwaliko kwamba simu zitapokewa mlangoni, mtafute mpiga picha mwanamke, mkubaliane naye kwa maandishi kwamba picha zote atamkabidhi bibi harusi, kisha muwaweke mlangoni wasichana wawili wa familia, mmoja wa kila upande, wakiwa na kapu la ukili, vijikaratasi vyenye nambari, na mrashi wa marashi ya mawardi, ili kila anayetoa simu yake apokewe kwa manukato.