Somo: Kuivusha biashara ndogo msimu wa masika

Nina duka dogo Jambiani, kusini mwa Unguja: kanga, mikoba ya ukili na viungo vya pakti. Masika ikishika, Machi hadi Mei, mahoteli mengine hufunga na ufukwe unabaki na wenyewe. Mwaka wangu wa kwanza nilikula faida yote ya Agosti, na Aprili nikauza cherehani nilipe kodi ya duka. Sitaki mwenzangu apite nilipopita.

Hatua ya 1: Lijue pengo lako. Andika unacholipa hata usipouza kitu. Mfano: kodi 150,000, umeme 30,000, msaidizi 120,000. Ni 300,000 kwa mwezi, na kwa miezi mitatu 900,000. Ikiwa daftari la masika iliyopita linaonesha faida ya 100,000 kila mwezi, pengo ni 600,000. Julai hadi Oktoba, kisha Desemba hadi Februari, unapata kama wiki 30 za wageni. Weka 20,000 kila wiki. Kama duka ndilo linalopika nyumbani, ongeza na chakula. Hapo ndipo wengi tunapokosea.

Hatua ya 2: Hela ikae mbali na mkono. Kibubu kinamfaa mwenye subira. Mimi napenda upatu. Wakati wa kupanga zamu watu hugombea za mwanzo. Wewe omba ya Aprili, utapewa bila ugomvi.

Hatua ya 3: Usiingie masika na mzigo. Punguza kununua tangu mwisho wa Januari. Unyevu hauna huruma: ukili unaota ukungu, mdalasini wa kusaga unagandana ndani ya pakti. Ulichochukua kwa mali kauli, yaani cha kulipia ukishauza, kirudishe Machi kikiwa kizima, ili mwenye mali akuamini tena Juni.

Hatua ya 4: Mtazame mnunuzi wa kijijini, na utazame mwezi. Hili nalisisitiza kuliko yote. Masika haihami, lakini Idd hufuata mwezi mwandamo, hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka. Mwaka 2022 Idd Ndogo ilikuwa mwanzoni mwa Mei. 2023 na 2024 ikawa Aprili. Ilitubeba wauza nguo, maana mtoto hanyimwi nguo ya sikukuu kwa sababu ya mvua. Mwaka 2025 ikarudi hadi mwisho wa Machi, na bado inarudi. Anayeingoja imwokoe Aprili atangoja sana. Inayoingia masika sasa ni Idd Kubwa: 2026 mwishoni mwa Mei, 2027 katikati ya mwezi huohuo. Nguo hazitoki kama Idd Ndogo, kwa hiyo leta chache, za watoto kwanza.

Hatua ya 5: Zungumza na msaidizi mapema. Mkubaliane nusu siku kwa malipo pungufu, yeye akijua tangu Februari. Kumwachisha ghafla ni dhuluma, na Julai utamtafuta humpati.

Maswali ya wanachama wa kikundi chetu

*Asalaam alaykum dada. Mimi nimeshaingia masika na sina akiba hata kidogo. Nichukue mkopo wa simu nilipe kodi?*

Waalaykum salaam mdogo wangu. Usichukue. Mkopo ule unadai baada ya wiki chache, na wageni hawaji kabla ya Juni. Nenda kwa mwenye nyumba kabla tarehe haijafika, ukiwa na chochote mkononi, umwombe umalizie Julai na Agosti. Mwenye mlango anajua Aprili hapati mpangaji mwingine.

*Nauza juisi Paje. Nishushe bei?*

Mgeni aliyeondoka hata ukimpa bure hatakunywa. Badala ya kushusha bei, badili unachouza: asubuhi ya mvua watu wa kijijini wanataka uji wa moto na chai ya tangawizi.

*Dada, mimi niko Mbozi, nauza vitenge. Huku hatuna wageni, somo linanihusu?*

Linakuhusu, badilisha miezi tu. Wateja wako hupata hela wakishavuna na kuuza, kisha hukauka kuanzia Januari, pesa ikiwa imeshaingia kwenye mbolea na ada. Basi wiki zako za kuweka akiba ni za mavuno. Na wanaokuomba vitenge kwa mkopo Februari, mwandike kila mmoja na tarehe ya kulipa, wala usimkopeshe mtu zaidi ya kimoja.