Kusaka vito vya raundi za mwisho kwenye drafti ya NHL: ninavyofanya, hatua kwa hatua

Mwaka 2005 Nashville, timu ya hoki ya barafuni, walimchukua Patric Hornqvist akiwa wa 230, jina la mwisho kabisa katika drafti nzima. Miaka 12 baadaye, akiwa mchezaji wa Pittsburgh, alirudi Nashville kwenye fainali na kufunga bao lililowapa wenzake Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa NHL, mbele ya mashabiki wa timu iliyomchagua. Kila ninapoanza kupanga orodha yangu ya mwaka, huyo ndiye anayenijia kichwani.

Drafti ninayoizungumzia si ile ya kete na ubao. Ni shughuli ya kila mwaka ambayo timu 32 za NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni ya Marekani na Kanada, hugawana vijana kwa zamu, raundi 7, jumla machaguo 224. Raundi ya kwanza siigusi, maana majina yake yanajulikana na kila mtu ana maoni. Mimi hukaa na raundi ya 4 kwenda chini. Nina video, jedwali la kompyuta na misimu kadhaa ya kukosea.

Kabla ya hatua zenyewe, ondoa dhana moja. Anayeanza hudhani kito ni kijana ambaye hajaonwa na mtu, amejificha kwenye kiwanja fulani cha mbali. Siku hizi huyo karibu hayupo. Kijana aliyebaki hadi raundi ya 6 ameshaonwa na maskauti (wasaka vipaji wa timu) wengi, wakamkataa, tena kwa sababu. Kwa hiyo unachokisaka ni ile sababu. Ukiipata, jiulize kama ni kitu ambacho muda utakiondoa au ni kitu atakachozeeka nacho.

Hatua ya 1: Anza na tarehe ya kuzaliwa

Kijana huingia kwenye drafti kwa mara ya kwanza iwapo atakuwa ametimiza miaka 18 ifikapo Septemba 15 ya mwaka huo. Mstari huo mmoja una maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Troy Terry alizaliwa Septemba 10, 1997. Auston Matthews alizaliwa Septemba 17, 1997. Wamepishana wiki moja tu, lakini Terry alihesabiwa na kundi la 2015 wakati Matthews alilazimika kungoja 2016, akachaguliwa wa kwanza. Terry alikuwa miongoni mwa wadogo kabisa wa kundi lake, na Anaheim walimpata akiwa wa 148, raundi ya 5. Msimu wa 2021-22 alifunga mabao 37.

Kwenye jedwali langu, safu inayofuata jina ni umri kwa miezi. Siku ya drafti utakuta mmoja ana miaka 17 na miezi 9, mwenzake ana 18 na miezi 9, na wote wawili wanaitwa "wa mwaka huu". Katika umri huo, miezi 12 ni mabega na mapaja mengine kabisa. Wakiwa na pointi sawa katika ligi moja, mdogo nampandisha juu ya mkubwa bila kufikiri mara mbili. Ila umri haumpi mtu kipaji. Unakuonyesha tu namna ya kuzisoma namba zake.

Hatua ya 2: Andika sababu ya kukataliwa kwa neno moja

Neno moja tu, usijipe nafasi ya kujitetea. Ya kwangu huwa mojawapo ya haya: udogo, mwendo, ligi, mkataba, kichwa.

Udogo wa umbo ndio ulimshusha marehemu Johnny Gaudreau hadi nafasi ya 104 mwaka 2011. Siku hizi timu zimejifunza, wafupi wenye mikono mizuri huondoka mapema, kwa hiyo kapu hili halina mavuno kama zamani. Ligi ni pale kijana anapocheza mahali pasipoheshimika: Connor Hellebuyck alikuwa akidaka kwenye NAHL, ligi ya vijana ya Marekani, huko Odessa, Texas, Winnipeg walipomchukua wa 130 mwaka 2012. Mkataba ni hofu kwamba hatakuja, na hofu hiyo huwaangukia zaidi vijana wa Urusi. Kirill Kaprizov alikuwa wa 135 mwaka 2015, Minnesota wakamngoja miaka mitano, akafika na kutwaa tuzo ya mchezaji chipukizi bora ya 2021. Sababu ya mkataba naipenda kuliko zote, kwa kuwa haisemi lolote kuhusu uwezo wa mtu kwenye barafu.

Mwendo una mjadala, nitaurudia kwenye video. Kichwa ndicho ninachokiogopa. Kijana wa miaka 17 asiyeuona mchezo, anayepasia pale mwenzake alipokuwa badala ya anapoelekea, sijawahi kumwona akibadilika kwa kiasi cha kuridhisha. Huyo namfuta hata awe na umbo la mnara.

Kuna neno la sita ambalo maskauti hulitumia sana nami silipokei bila ushahidi: uvivu. Mara nyingi "mvivu" ni kijana anayechezeshwa dakika nyingi kupita kiasi, amechoka.

Na usipopata sababu yoyote, usishangilie. Huenda maskauti wanajua jambo usilolijua, jeraha kwa mfano. Lakini kasoro zisikutishe. Wahenga walisema mchagua nazi hupata koroma. Anayengoja kijana asiye na doa katika raundi ya 6 ataondoka na mtu aliyekamilika katika yote na asiyeng'ara katika lolote.

Hatua ya 3: Zivunje pointi zake

Katika hoki bao moja huweza kuzaa pointi tatu: ya mfungaji, na za wawili waliogusa kisahani (ndicho mpira wa hoki ya barafuni) kabla yake, ambazo huitwa asisti. Asisti ya kwanza, ya aliyempasia mfungaji, ina uzito. Ya pili mara nyingi ni zawadi ya kuwa karibu. Halafu kuna pawaplei, zile dakika ambazo mpinzani ana mtu kwenye kiti cha adhabu. Kijana akipangwa kwenye kikosi cha kwanza cha dakika hizo pamoja na nyota wa timu, pointi humjia zenyewe.

Chukua mfano wa kubuni. Kijana wa kwanza ana pointi 60 katika mechi 60. Wa pili ana 42 katika mechi hizohizo. Ukiondoa asisti za pili na pointi zote za pawaplei, wa kwanza anabakiwa na 25, wa pili 32. Orodha za jumla zitamweka wa kwanza raundi ya 2 na wa pili raundi ya 6. Mimi namtaka wa pili, kwa bei hiyo bila mjadala.

Ukimaliza hapo, gawa msimu mara mbili, kabla na baada ya mwaka mpya. Kijana aliyeanza safu ya nne ya washambuliaji, inayochezeshwa kidogo, akamaliza safu ya pili ana namba za wastani zinazoficha mchezaji aliyekuwa ifikapo Machi. Timu hutazama jumla ya msimu kuliko zinavyokiri.

Na kama anacheza na watu wazima, punguza matarajio ya pointi, usimpunguze yeye. Jesper Bratt alikuwa akichezea AIK katika ligi ya pili ya Sweden, kati ya wanaume, namba zake hazikumfanya mtu asimame. New Jersey walimchukua wa 162 mwaka 2016. Mwaka uliofuata alikuwa tayari NHL.

Hatua ya 4: Tazama video, lakini si vipande vya mabao

Hapa ndipo nilipoungulia. Mwaka mmoja nilimweka beki mrefu juu kabisa ya orodha yangu kwa sababu ya kipande cha dakika tano kilichojaa mikwaju na mipambano. Nilipokuja kutazama mechi yake nzima, baada ya drafti, niliona kila alipofuatwa na mtu mmoja alikirusha kisahani ukutani na kuomba Mungu. Mara kumi na zaidi katika mechi moja. Kipande cha mabao hakiwezi kukuonyesha hilo kwa kuwa kimetengenezwa kukificha.

Sasa sharti langu ni mechi tatu kamili kwa kila jina: moja aliyong'ara, moja aliyotoka mikono mitupu, na moja ya ugenini dhidi ya timu ngumu. Ile ya mikono mitupu ndiyo hunifundisha zaidi. Natazama zamu yake tangu anaporuka ukuta hadi anaporudi benchi, macho yakiwa kwake, kisahani kiende kitakakokwenda. Mwanzoni utaona ni kazi ya kuchosha, na ndivyo ilivyo.

Kitu cha kwanza ni shingo yake. Kabla kisahani hakijamfikia, amegeuka kutazama nyuma? Anayetazama mara mbili kabla ya kupokea ameshaamua atafanya nini, na ndiyo maana mtu wa mwendo wa kawaida anaweza kuonekana ana haraka. Asiyetazama hata mara moja anaishi kwa kasi ya miguu, na huko juu kila mtu ana miguu.

Mwendo wenyewe ugawe vipande. Je, tatizo ni hatua tatu za kwanza, au hata akishachanganya bado hafiki? Magoti yanakunjwa, au amesimama wima kama anayengoja basi? Mkao mbaya na mapaja membamba hurekebishika kwa kocha na mazoezi ya nguvu. Mtu mwenye mkao mzuri, nguvu za kutosha, na bado mzito, huyo ndiye alivyo. Kwa kosa la kutotenganisha haya mawili timu nyingi zilimruka Mark Stone, aliyekwenda Ottawa akiwa wa 178 mwaka 2010. Miguu ilitiliwa shaka, lakini gongo lake lilikuwa likinyang'anya visahani kana kwamba linajua pasi itapita wapi. Mwaka 2023 alilipokea Kombe la Stanley akiwa nahodha wa Vegas. Luc Robitaille naye aliambiwa hawezi kuteleza. Alichaguliwa wa 171 mwaka 1984, akastaafu na mabao 668.

Halafu angalia anakofungia. Mabao yanayotoka mbele ya lango, katikati ya msukumano, husafiri naye kwenda ligi ya juu. Mikwaju ya mbali inayowapita makipa wa miaka 17 hubaki hukohuko. Na akinyang'anywa kisahani, hesabu sekunde mpaka ageuke kukifuata.

La mwisho kwenye video: mtazame na yule usiyemfuata. Håkan Andersson, skauti wa Detroit barani Ulaya, alikwenda Urusi kumtazama beki fulani, macho yakatua kwa Pavel Datsyuk. Henrik Zetterberg pia alimwona alipokuwa akimfuatilia mwenzake mwenye jina kubwa zaidi. Datsyuk akawa wa 171 mwaka 1998 (ndiyo, namba ileile ya Robitaille), Zetterberg wa 210 mwaka 1999. Tangu nisome hayo, kila mechi nalazimika kuandika jina moja la ziada ambalo sikulijia.

Hatua ya 5: Makipa wapewe karatasi yao

Usiwachanganye na wengine. Kipa hukomaa akiwa amechelewa, na kumpima akiwa na miaka 17 ni kubahatisha kwa adabu. Henrik Lundqvist alikuwa wa 205 mwaka 2000. Pekka Rinne alikuwa wa 258 mwaka 2004, akiwa kipa wa akiba wa Kärpät. Namba hiyo leo haipo hata kwenye drafti. Wote wawili walikuja kutwaa Vezina, tuzo ya kipa bora wa NHL. Mimi natazama jambo moja zaidi ya mengine: je, amefika na kutulia kabla mkwaju haujapigwa, au anadaka huku bado anateleza? Kwa makipa, nachagua wawili tu kwa mwaka.

Hatua ya 6: Rudi kwa waliorukwa

Kijana asiyechaguliwa mara ya kwanza hurudi kapuni mwaka unaofuata. Datsyuk alirukwa mara mbili. Ondrej Palat vilevile, hadi Tampa walipomchukua wa 208 mwaka 2011. Andrew Mangiapane alirukwa 2014, Calgary wakampata wa 166 mwaka uliofuata.

Swali ni moja: nini kimebadilika? Pointi zikiwa zimepanda kwa kuwa tu sasa ana miaka 19 na anawaonea wa 17, mwache. Lakini ukirudi kwenye lile neno moja la hatua ya 2 ukakuta limefutika, miguu imepata nguvu au amehamia ligi ngumu na bado anafunga, mpandishe juu ya vijana wapya wa kubahatisha.

Hatua ya 7: Funga orodha, uiache

Majina 15, yasizidi. Kila jina na sentensi moja: kwa nini walimkataa, na kwa nini nadhani wamekosea. Weka tarehe, usiiguse tena baada ya drafti kuanza, hata ukiona jina lako limechukuliwa na timu unayoiheshimu.

Ifungue baada ya miaka mitatu, kisha mitano. Na timu ikimwacha mtu wako, usilifute jina lake. Brandon Hagel alichaguliwa na Buffalo akiwa wa 159 mwaka 2016, wakashindwa kumpa mkataba, Chicago wakamsajili bure mwaka 2018. Machi 2022 Tampa walipomtaka, Chicago waliwadai wachezaji wawili na machaguo mawili ya raundi ya kwanza. Walilipwa.