Jinsi ya kusoma msimamo wa ligi za kizamani za England bila kuchanganyikiwa

Tuchukue Southern League 1894-95, ndo msimu wao wa kwanza kabisa, divisheni ya kwanza ina timu 9 tu. Anza na hesabu ya mechi: kila timu inacheza na wenzake 8, nyumbani na ugenini, kwa hiyo 16. Ukiona timu ina 15 hapo kuna jambo.

Halafu sahau pointi 3. Enzi hizo ushindi ni pointi 2, sare 1, na ligi kuu za England zimekaa hivyo mpaka 1981. Bingwa alikua Millwall Athletic, kashinda 12, sare 4, hajafungwa hata moja (balaa), so 12 mara 2 jumlisha 4 unapata 28. Ikigoma kufika, aidha mchapaji kakosea au timu ilikatwa pointi.

Mabao sasa, hapa ndo wengi wanachemka. Zamani timu zikilingana pointi walikua wanagawanya mabao ya kufunga kwa ya kufungwa, sio kutoa. Millwall kafunga 68 kafungwa 19, gawanya unapata kama 3.58. Ndo maana timu yenye 10 kwa 5 inaikalia juu yenye 40 kwa 25, japo sisi wa leo tungeona ni wizi mtupu.

Na majina yasikuzingue: Southampton St. Mary's ndo hii hii Southampton, na New Brompton wa divisheni ya pili leo ni Gillingham.