Kupima mega wayaringi ya nyumba

Kupima mega ni kuangalia kama insulesheni, yaani ganda la waya, bado inazuia umeme usivuje; mega ndicho kifaa chake. Multimita haifai kwa kazi hii. Inapima kwa volti chache za betri, na waya uliochubuka ndani ya bomba utaonekana mzima mpaka ukutane na volti 230. Mega inasukuma volti 500 za DC, na hapo insulesheni dhaifu hujitokeza.

1. Zima meni swichi, piga kufuli, ufunguo ukae nao mwenyewe. Hakikisha umeme haupo kwa testa ya volti, na testa hiyo uijaribu mahali unapojua pana umeme, kabla na baada. Testa ya bisibisi usiitegemee kabisa.

2. Gusanisha ncha za mega: isome sifuri. Ziachanishe: isome mwisho wa kipimo.

3. Ondoa kila kinachokula umeme. Hapa ndipo siku inapoishia. Juzi kijana ninayefanya naye kazi alipata megaomu 0.2 (namba ndogo, dalili ya insulesheni mbovu) kati ya laivu, waya unaoleta umeme, na nyutro, waya unaourudisha, akataka kuchimbua plasta. Tulipokagua, ilikuwa swichi ya hita ya bafuni: hita haijafungwa, lakini kile kitaa chekundu cha swichi kinapitisha umeme. Basi chomoa vifaa, toa balbu zote (za LED huweza kuungua kwa volti 500), tenga dima (swichi za kupunguza mwanga), soketi zenye tundu za USB, kengele ya mlango na kinga ya radi iliyomo kwenye DB (boksi la breka). Swichi za taa ziwashe, la sivyo waya unaotoka swichi kwenda taa haupimwi. Swichi za ngazi (mbili zinazowasha taa moja) pima mara mbili, ukigeuza moja. Nyutro nayo itoe kwenye baa yake, kwa sababu breka za kawaida hukata laivu tu. Kifaa kisichotoka? Unganisha laivu na nyutro pamoja, upime dhidi ya ethi (waya wa ardhini) peke yake.

4. Waambie watu wote wasiguse soketi wala waya. Pima laivu kwa ethi, nyutro kwa ethi, kisha laivu kwa nyutro. Chini ya megaomu 1, usiwashe. Na saketi ikisoma 2 wakati wenzake wanapita 200, mimi siiachi: mara nyingi ni maji kwenye boksi au plasta mbichi. Ikauke, pima tena.

5. Usichomoe ncha papo hapo. Kebo ndefu, kama ya pampu ya kisima, hubaki na chaji inayoweza kukupiga vibaya. Nunua mega inayoiondoa chaji hiyo yenyewe na kuonyesha volti zikishuka. Ngoja zifike sifuri.

6. Rudisha nyutro, na kama uliiunganisha na laivu, zitenganishe kabla hujagusa meni swichi.