Somo la kwanza la saikolojia: jaribio la kumbukumbu kwa karatasi na kalamu tu

Walimu wengi tunaanza na maana ya saikolojia, kisha Wilhelm Wundt na maabara yake ya saikolojia ya Leipzig, Ujerumani, ya mwaka 1879. Kwa maoni yangu Wundt asubiri hadi kipindi cha tatu. Kwanza mwanafunzi aikamate akili yake mwenyewe ikimchezea, na maswali yatakuja yenyewe.

Jaribio hili lilianzia kwa James Deese mwaka 1959, na Henry Roediger na Kathleen McDermott wakalipa uhai mpya mwaka 1995. Linaenea ndani ya kipindi cha dakika 40, hata darasa likiwa limejaa.

Hatua ya 1: Andaa orodha

Unaweza kuanza na hii: kitanda, godoro, mto, ndoto, chandarua, kukoroma, shuka, usiku, miayo, uchovu, jinamizi, kuamka. (Mto ukae baada ya godoro, la sivyo kuna watakaofikiria Rufiji.) Neno la mtego, yaani lile ambalo wengine watadhani wamelisikia, ni "usingizi", na wewe hutalitamka kabisa wakati wa kusoma orodha hii.

Hatua ya 2: Soma

Kalamu chini. Waambie kuwa utasoma maneno nao watayaandika baadaye kwa kadiri wanavyoyakumbuka, na kwamba hakuna maksi. Soma kwa sauti ya kawaida, neno moja kwa kila sekunde moja na nusu hivi. Usiandike kitu ubaoni. Jirekodi kwa simu unaposoma. Utaihitaji rekodi hiyo.

Hatua ya 3: Wape hesabu

Kwa dakika mbili watoe 3 kuanzia 500 kurudi nyuma, wakiandika kila jibu. Usiiruke hatua hii. Bila hesabu, maneno ya mwisho ya orodha bado yanalia masikioni, na mwanafunzi ataanza kwa kuyaandika hayo.

Hatua ya 4: Waandike wanayokumbuka

Dakika tatu zinatosha. Sisitiza: asiye na uhakika na neno asiliandike. Ukiwaruhusu kubahatisha, "usingizi" likitokea halitakuwa na maana yoyote, kwa sababu yeyote anaweza kulikisia. Karatasi zisiwe na majina.

Hatua ya 5: Neno kwa neno

Sasa soma maneno haya: ndizi, godoro, kukoroma, daftari, usingizi, usiku, barabara, miayo. Kwa kila neno mwanafunzi aandike N (nakumbuka kabisa kulisikia), H (nahisi tu kwamba lilikuwemo) au S (halikuwemo). Wasinyooshe mikono. Mikono ikinyooshwa, wataangaliana, na hapo utakuwa unapima jinsi kundi linavyomvuta mtu. Hilo ni somo la mwanasaikolojia Solomon Asch, na lina siku yake.

Hatua ya 6: Hesabuni

Kusanya karatasi, zichanganye, zigawe upya. Ubaoni andika idadi ya walioandika "usingizi" katika hatua ya 4, kisha waliosema N, H na S kwa godoro, ndizi na usingizi katika hatua ya 5. Amueni kabla ya kuhesabu kama aliyeandika "kulala" katika hatua ya 4 ataingizwa; ukiamua baada ya kuona matokeo, umeshayapinda. Katika jaribio la kwanza la mwaka 1995, neno la mtego liliandikwa kwa wastani wa asilimia 40 hivi. Darasa lako litapata namba yake.

Hapo ndipo mabishano yanapoanza. Wapo watakaoapa kuwa wamelisikia. Washa rekodi.

Hatua ya 7: Eleza

Nenda polepole hapa. Maneno kumi na mawili yote yameelekea sehemu moja, na kila moja limeamsha "usingizi" kichwani. Baadaye akili haina uhakika: neno hili nililisikia, au lilinijia lenyewe? Aliyeandika N hakudanganya, na kumbukumbu yake si mbovu kuliko ya wenzake. Hakikisha hakuna anayechekwa.

Kisha wape jaribio la Elizabeth Loftus na John Palmer la mwaka 1974. Watu walionyeshwa filamu ya magari yakigongana. Baadhi waliulizwa magari yalikwenda kasi gani "yalipobamizana", wengine "yalipogongana". Baada ya wiki moja wote waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Katika kundi la kwanza watu 16 kati ya 50 walisema ndiyo. Katika la pili, 7 kati ya 50. Filamu haikuwa na vioo vilivyovunjika. Waulize wanafunzi: hakimu afanye nini na shahidi mwenye uhakika?

Hatua ya 8: Mkondo wa pili

Mkondo mwingine usomewe maneno 12 yasiyohusiana, halafu ufanye hatua ya 5 kwa orodha ya majaribio ambayo ina "usingizi" pamoja na baadhi ya maneno waliyosomewa. Hilo ni kundi la kulinganishia. Bila hilo, mwanafunzi mjanja atakuuliza umejuaje kama "usingizi" si neno ambalo watu hulikubali tu ovyo, naye atakuwa na haki.

Darasa lililokwisha kunaswa halinasiki tena kirahisi kwa orodha ileile. Wape wao kazi ya kutunga nyingine: wachague neno, tuseme "chai", waende kidato kingine na kuwauliza watu ni neno gani linalowajia kwanza wakilisikia. Yatakayorudiwa zaidi, sukari, maziwa, kikombe, tangawizi, ndiyo orodha yao.