Gunia la Mchele Chini ya Kitanda

Majira yangu ya kwanza ya baridi hapa Leicester, Uingereza, nilinunua mifuko miwili ya unga wa ata, yaani wa ngano nzima, kilo kumi kumi, kwa sababu wa pili ulikuwa nusu bei. Nilikuwa naishi peke yangu, chapati napika mara moja kwa wiki. Nikaiegemeza kwenye ukuta wa nje, ule unaotoa jasho wakati baridi inapozidi. Kufika Aprili mfuko wa pili ulikuwa unanuka uvundo na unga wake mchungu. Ukaenda jalalani, na nusu bei yangu ikaenda nao.

Kununua kwa wingi hakukuwa kosa. Nilikosea kuchagua kitu kisichokaa, tena kwa kiasi nisichoweza kukimaliza. Unga wa nafaka nzima, uwe ata au dona, umesagwa pamoja na kiini chenye mafuta, na mafuta hayo huchacha. Mchele mweupe hauna shida hiyo, ukikaa mkavu. Kwa hiyo gunia la kwanza liwe la mchele, la pili maharage makavu. Unga nunua wa mwezi mmoja tu.

Kabla hujabeba gunia, pima unachokula. Nyumba inayopika nusu kilo kwa siku inamaliza kilo 20 kwa siku 40, hapo gunia ni halali yake. Anayepika gramu 150 atakaa nalo miezi minne na ushei; huyo atafute mwenzake wagawane. Na usilinunue kwa pesa ya kodi ya nyumba, wala kwa ile uliyoahidi kutuma nyumbani. Mchele hauwezi kulipa ada ya mdogo wako.

Dukani, soma maandishi madogo kwenye lebo ya rafu: bei kwa kilo, au kwa gramu 100. Supermaketi kubwa za Uingereza zinalazimika kisheria kuyaweka, na mara nyingine utaona mfuko mkubwa ndio ghali. Wiki chache kabla ya Ramadhani supermaketi hizo hushusha bei ya magunia ya mchele, mafuta na tende. Mchele wangu wa miezi mingi hununuliwa hapo. Si lazima ufunge ndipo ununue. Kwa ndizi za matoke na muhogo wa kugandishwa, nenda maduka ya Belgrave Road na Melton Road. Mfuko umeandikwa “mogo”, usishangae, ni muhogo wetu huo huo. Wako wazee huko waliotoka Uganda Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972, na Kiswahili hawajakisahau. Salimia kwanza, bei uliza baadaye.

Ukifika nyumbani, kazi ndiyo inaanza. Ukiwa na nafasi kwenye friza, funga mchele au unga kwenye mifuko na uugandishe siku nne. Fukusi na mayai yao hufa. Uache upate joto mpaka ulingane na joto la chumba kabla ya kuufungua, usije ukaloa, kisha utie kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana. Ndoo ikae juu ya ubao, mbali na ukuta wa nje. Yangu iko chini ya kitanda.

Maharage mimi hupika sufuria kubwa Jumamosi moja, nagawa kwenye makopo matupu ya aiskrimu, nagandisha. Gesi inawaka mara moja badala ya mara nne. Ila yale mekundu makubwa yaloweke usiku kucha, maji uyamwage, kisha yachemke kwa nguvu dakika kumi kamili kabla ya kupunguza moto, maana yana sumu isiyoondoka kwa moto mdogo.

Nyama ndiyo penye faida kubwa, na ndipo watu wanapoharibu. Ukitupa kilo tano za kuku kwenye friza zikiwa donge moja, siku ya kupika utazihitaji zote au shoka. Zigawe jioni ile ile, mlo mmoja mfuko mmoja, bana hewa itoke, laza bapa, andika tarehe. Pakiti yenye “use by” igandishwe kabla tarehe hiyo haijapita. “Best before” inahusu ubora tu. Friza iwe nyuzi 18 chini ya sifuri. Na kama mita yako ni ya kulipia kabla, kama LUKU, salio likiisha usifungue mlango: friza iliyojaa huhimili takriban saa 48.

Sisi nyumba nne huchanga tukanunua mbuzi mzima kwa mchinjaji wa halali, anatukatia pale pale. Mapaja na mbavu tunapima kwa mizani. Maini tunakaanga siku hiyo hiyo nyumbani kwa aliyebeba mzigo; tuliamua hivyo baada ya kuyagombania mara mbili.